MAMA WA UBARIDI: SANAMU YA SHABA, UNGO NA MWAROBAINI

1.
Leo kwenye mfululizo wetu wa historia ya afya ya watoto tunaingia nyumba ya jirani. Kaa vizuri, post ni ndefu.

Ukiingia duka la Mhindi, iwe Kisutu pale Dar au Mombasa mjini, mara nyingi utaona kisanamu cha mwanamke kimekaa kwenye kijirafu, kinang'aa, udi unafuka pembeni. Kimetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Huyo wa dukani kwa kawaida ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Utamjua kwa ua la yungiyungi na sarafu zinazodondoka kiganjani mwake.

Ila leo simzungumzii Lakshmi. Namzungumzia mwenzake ambaye hana sarafu hata moja. Anaitwa Shitala. Amepanda punda, mkononi ana ufagio, mkono mwingine ana mtungi wa maji, na kichwani amejifunika ungo. Ndiyo, ungo huu huu wa kupepetea mchele.

Mimi ni nesi, sifundishi dini ya mtu. Ninachotaka uone ni kwamba kile kisanamu ni kumbukumbu ya akina mama waliouguza watoto wao ugonjwa uliokuwa unaua kuliko yote, na hawakuwa na dawa.

2.
Ugonjwa wenyewe ni ndui. Wewe unayesoma hujawahi kuuona, na mimi sijawahi kuuona wodini. Bibi zetu waliujua. Homa kali siku mbili tatu, kisha vipele vinatoka mdomoni, usoni, mikononi, vinajaa maji, vinakuwa usaha, vinakauka na kuacha makovu ya vishimo. Katika kila wagonjwa 10 wa ndui kali, karibu 3 walikufa. Wengine walipona wakabaki vipofu. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake, ndui iliua watu milioni 300 hivi.

Sasa fikiria uko kijijini Bengal au Gujarat miaka 250 iliyopita. Mtoto anawaka kama jiko. Huna paracetamol, huna dripu, huna chanjo. Utashika nini?

Walimshika Shitala. Jina lake kwa Kisanskriti maana yake ni "aliye baridi". Waliamini ndui ni joto la huyu mama, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeweza kulipoza. Analeta na anaondoa. Ndiyo maana kaskazini mwa India ugonjwa wenyewe uliitwa "mata", yaani mama. Ndui ilikuwa mama mkubwa, tetekuwanga mama mdogo. Mpaka leo kuna familia zinaita tetekuwanga hivyo. Kusini, kwa Watamil, kuna Mariamman, naye alihusishwa na ndui na mvua, na majani ya mti ule ule tunaoujua sisi. Huo mti nitaufikia.

3.
Tusome sanamu sasa, kitu kimoja kimoja.

Ufagio. Ni wa kufagia ugonjwa utoke nyumbani.

Ungo. Ungo unatenga punje na makapi. Kwa Shitala ni alama ya kupepeta, kibaki kizuri, kibaya kipeperuke. Kwenye masimulizi ya Bengal amebeba pia punje ndogo za jamii ya dengu, na hizo punje ndizo vipele vya ndui. Ukishawahi kuona ngozi ya mgonjwa kwenye picha za zamani utaelewa kwa nini walifikiria dengu.

Mtungi. Maji ya baridi ya kupoza homa.

Punda. Mnyama wa mzigo, mpole, wa watu wa kawaida. Miungu wengine wamepanda simba na chui. Huyu wa watoto wagonjwa amepanda punda, na mimi hapo namuelewa kabisa.

Majani. Mara nyingi hushika au kuzungukwa na majani ya mwarobaini. Umeona? Ule mti uliopo uani kwako, asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani yake. Sisi tukaupa jina la maradhi arobaini. Kwao tawi la mwarobaini lilitundikwa mlangoni kama ishara kwamba ndani kuna mgonjwa, usiingie. Mgonjwa alipepewa kwa majani hayo vipele vinapowasha.

Na kwa nini shaba? Sanamu za Shitala zipo za mawe, za udongo, hata jiwe tupu lililopakwa rangi nyekundu chini ya mti. Ya shaba ni ya nyumbani. Haishiki kutu kama chuma, haivunjiki kama udongo, inarithiwa mama kwa binti au mkwe. Ikififia inasuguliwa kwa ukwaju au ndimu, ile tindikali inaondoa weusi inang'aa tena. Tahadhari ya nesi: shaba ya njano, hasa ya zamani, inaweza kuwa na risasi ndani yake. Usimwachie mtoto anyonye sanamu wala kengele ya shaba, na usihifadhi chakula chenye uchachu kwenye chombo cha shaba.

4.
Kuna siku yake pia. Wagujarati wanaiita Shitala Satam, inaangukia mwezi wao wa Shravan, mara nyingi Agosti. Siku hiyo jiko haliwashwi. Chakula kinapikwa siku moja kabla, kinaliwa kikiwa baridi, na akina mama wanaomba kwa ajili ya watoto wao.

Angalia mila za kumuuguza mgonjwa zilivyokuwa: wageni hawaingii, mlango umewekwa alama, nyumba inafagiliwa, vyakula vya kukaanga na viungo vikali vinaachwa, mgonjwa anapewa vitu vya kupoza na maji. Ukiondoa jina la mungu, ukabakisha matendo, hapo kuna kutenga mgonjwa, usafi na maji mengi. Wale mama hawakuwa wajinga. Waliangalia, wakaona nini kinasaidia, wakakiweka kwenye sanamu ili kisisahaulike.

Lakini tuseme ukweli wote. Ubaridi haukuzuia ndui. Mtoto alitengwa vizuri, akapepewa vizuri, na bado akafa. Na pale jirani waliposema mama huyu amemuudhi Shitala, mama alizika mtoto huku amebeba na lawama. Hilo la kumlaumu mama, jamani, halina nchi wala dini. Na huku kwetu lipo.

5.
Wengi hawajui kwamba India walikuwa na kinga yao kabla ya chanjo ya Wazungu. Mwaka 1767 daktari Mwingereza J. Z. Holwell alieleza mbele ya madaktari wa London jinsi watu maalumu Bengal walivyozunguka kila mwaka kabla ya msimu wa ndui. Walikwaruza ngozi ya mkono, wakaweka usaha wa ndui wa mwaka uliopita. Mtoto aliugua kidogo, kisha kwa kawaida hakuugua tena maisha yake. Ibada ya Shitala iliambatana na kazi hiyo.

Hatari ilikuwepo, kwa sababu ile ni ndui yenyewe. Wachache walikufa, na aliyepewa aliweza kuambukiza wengine. Mwaka 1796 Edward Jenner huko Uingereza akatumia ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi. Chanjo hiyo ikafika Bombay, na tarehe 14 Juni 1802 mtoto wa miaka 3, Anna Dusthall, akawa wa kwanza kuchanjwa na ikakubali India. Mwaka 1865 serikali ya kikoloni Bengal ikapiga marufuku ile njia ya zamani.

Kwa Kihindi chanjo inaitwa "tika", neno linalotumika pia kwa alama ya kwenye paji la uso. Sisi tunasema chanjo, kutoka kuchanja, kukata ngozi kidogo. Lugha zote mbili zimekumbuka lile jeraha dogo kwenye mkono.

6.
Ilichukua muda. Mwaka 1974 ndui ililipuka India, hasa jimbo la Bihar, na zaidi ya watu 15,000 walikufa kati ya Januari na Mei. Wahudumu wakapita mlango kwa mlango, wameshika kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui: "Umemuona mtu wa hivi?" Anayetoa taarifa alipewa zawadi ya fedha. Wakimpata mgonjwa, wanachanja watu wote wanaomzunguka, kwa sindano yenye ncha mbili, inachomwa mara 15 haraka haraka pale pale.

Kuna waliokataa. Kwao kumchanja mtoto ilikuwa kumkasirisha Mama. Na sehemu nyingine wahudumu walitumia nguvu, waliingia nyumba za watu usiku na kuwashika wachanjwe. Hiyo nayo ni historia, tusiifiche. Nguvu inaweza kumchanja mtu mmoja leo, lakini inaacha hofu itakayomfanya amfiche mtoto wa kesho. Mhudumu akikaa chini, akamsikiliza mama, akaeleza, mlango unafunguka wenyewe.

Mei 1975 mgonjwa wa mwisho India alipatikana Assam. Oktoba mwaka huo huo, mtoto Rahima Banu wa kisiwa cha Bhola, Bangladesh, akawa wa mwisho duniani kuugua ile ndui kali kwa njia ya kawaida. Akapona.

Na mwisho wa mwisho ulikuja pwani yetu hii hii ya Bahari ya Hindi. Oktoba 1977, mji wa Merca, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin alipanda gari kuwaelekeza njia watoto wawili wenye ndui. Safari fupi tu. Akaugua ndui aina ya nafuu kidogo, akapona, na hakuna mwingine aliyeupata ugonjwa huo nje ya maabara zaidi ya mlipuko mdogo uliotoka maabara Birmingham mwaka uliofuata. Alifanya kazi hospitali na hakuwa na kinga! Baadaye alizunguka Somalia kuwahimiza wazazi wachanje watoto polio, akisimulia ya kwake. Alifariki Julai 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ilitangaziwa rasmi kwamba ndui imeisha.

7.
Sasa Shitala amebaki na kazi gani? Sanamu bado ipo, inasuguliwa, inaombwa. Wengi wanamuomba kwa magonjwa ya watoto kwa ujumla, na mama huyo huyo anayemuomba anampeleka mtoto kliniki asubuhi. Haoni ugomvi kati ya viwili hivyo. Wewe unayemuombea mtoto wako msikitini au kanisani, si unafanya hivyo hivyo?

Kwa hiyo chukua ya kwako kwenye sanamu hii:

Ufagio na mtungi: usafi, kunawa mikono, maji safi. Mtoto ana homa, mpunguzie nguo, mnyonyeshe au mnyweshe mara kwa mara, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Maji ya barafu hapana.

Tawi la mlangoni: mtoto mwenye surua au tetekuwanga abaki nyumbani, asipelekwe shule wala harusini.

Majani: mwarobaini uache uani. Mafuta yake usimnyweshe mtoto kabisa, yanaweza kumletea degedege na kumuua.

Ungo: pepeta maneno. "Mwenye surua asipelekwe hospitali, asichomwe sindano, vipele vitarudi ndani." Hayo ni makapi, yapeperushe. Surua inatibiwa makali yake, na mtoto hupewa vitamini A. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida, usisubiri kesho. Nenda sasa hivi.

Na chanjo ya surua ni dozi mbili, miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo mnaisahau, kwa sababu mtoto ameshatembea na kliniki mmeiona basi. Fungua kadi ya mwanao leo kabla hujalala, uangalie. Kama imeruka, nenda tu, nesi mwenye akili hatakugombeza, na ukikutana na anayegombeza, vumilia dakika mbili mtoto achanjwe.

Wale mama wa zamani walikuwa na ungo, maji na majani, wakafanya kila walichoweza. Wewe una kadi ya kliniki kwenye droo. Wangekuwa nayo wao, wangetembea usiku kucha kuifuata.

Sehemu ijayo: tetekuwanga na pepopunda, na kwa nini kitovu cha mtoto hakipakwi kitu. Usiku mwema.