Glavu za sufu: Ufumaji unaookoa vidole dhidi ya baridi

KATIKA nchi za kaskazini mwa dunia, ambako majira ya baridi huandamana na theluji na upepo mkali, glavu za sufu zilizofumwa kwa mkono zimekuwa vazi la lazima kwa karne nyingi.

Zinazosifika zaidi kwa joto ni zile zisizogawanya vidole. Glavu hizi huwa na nafasi mbili tu: moja ya kidole gumba, na nyingine kubwa ya vidole vinne vikiwa pamoja.

Muundo huo una sababu yake. Mwili unapoingiwa na baridi, mishipa ya damu mikononi hujikaza ili joto lisalie katika viungo vya ndani. Vidole hufa ganzi mapema, na baridi ikizidi nyama yake huweza kuganda, hata ikalazimu vikatwe.

Vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto, ilhali glavu ya kawaida hutenga kila kidole peke yake. Kasoro ni kwamba mvaaji hawezi kufunga kifungo wala kuhesabu noti bila kuivua.

Sufu nayo ina sifa ambazo pamba haina. Nywele za kondoo zimejikunja, hivyo hunasa hewa inayozuia joto kutoroka. Aidha, sufu huweza kufyonza unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi kwamba imelowa.

Namna ya kufuma

Mfumaji huanzia kwenye kifundo cha mkono, akitumia sindano fupi nne au tano zenye ncha pande zote mbili. Hufuma kwa kuzunguka, ili glavu isiwe na mshono wa kuunganisha.

Sehemu ya kifundo hufumwa kwa mistari ya wima inayovutika, ili ibane na kuzuia upepo. Afikapo kwenye gumba, mfumaji huhifadhi vitanzi kadhaa kwenye kipande cha uzi, kisha huendelea na kiganja. Karibu na ncha ya vidole hupunguza vitanzi hadi glavu ifungike, ndipo hurudi kumalizia gumba.

Vipimo muhimu ni mzunguko wa kiganja, na urefu kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Glavu haifai kubana, kwani inayobana huzuia damu na kuondoa nafasi ya hewa yenye joto.

Mahari, biashara na vita

Nchini Latvia, msichana aliyekaribia kuolewa alijaza sanduku lake glavu alizofuma mwenyewe, ambazo siku ya harusi aliwagawia jamaa za mumewe. Desturi hiyo ya kutunuku haikusahaulika: Shirika la Kujihami la NATO lilipokutana jijini Riga mnamo Novemba 2006, wageni walizawadiwa takriban jozi 4,500 zilizofumwa kwa mkono.

Katika wilaya ya Selbu, Norway, kisa mashuhuri humhusu msichana Marit Guldsetbrua, ambaye mnamo 1857 alikwenda kanisani akiwa amevaa glavu zenye nyota ya pembe nane, kwa uzi mweusi na mweupe. Nyota hiyo ilikuwa imejulikana kwingineko kabla yake, lakini wanawake wa Selbu waliiiga na kuifanya biashara iliyowapa kipato nyumbani.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili, raia wa Uingereza, Canada na Marekani walihimizwa kuwafumia wanajeshi soksi, skafu na glavu. Baadhi ya glavu hizo ziliachiwa nafasi ya kidole cha shahada, ili askari aweze kufyatua risasi bila kuzivua.

Nyumbani Afrika Mashariki

Ingawa Kenya haina majira ya theluji, baridi ya kati ya Juni na Agosti huwasumbua wakazi wa nyanda za juu kama vile Limuru na Kinangop. Huko, glavu ndogo za mtoto mchanga huambatana na kofia na soksi.

Mfumaji wa glavu za mtoto anapaswa kukata na kuficha kila uzi unaoning'inia ndani. Uzi huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukata mzunguko wa damu, naye hana namna ya kueleza ila kulia.

Mahitaji ni makubwa pia milimani. Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kina urefu wa mita 4,985, na Kilimanjaro mita 5,895. Watalii hufika wakiwa wamejiandaa, lakini baadhi ya wapagazi hukosa mavazi ya kutosha. Mjini Moshi, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hivyo, anayetaka kufuma kwa ajili ya msaada ni vyema aulize kwanza kinachohitajika. Glavu za watoto hazimfai mpagazi, na sufu inayowasha haimfai mgonjwa.

Kila jozi inayotolewa iambatanishwe na maelezo ya ufuaji. Sufu ya kawaida hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, kisha hulazwa ikauke kivulini. Ikitiwa kwenye maji moto na kusuguliwa, nywele zake hushikana na kusinyaa, na glavu ya mtu mzima hurudi ikimtosha mtoto.