Leseni, Uzito na Tarehe: Historia ya Haki ya Kuendesha Gari-Nyumba Zito huko Uingereza na Ufaransa

Gari-nyumba ni gari lenye injini ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, tangi la maji na mara nyingi choo, hata msafiri hulala mlemle anamosafiria. Lisichanganywe na kile kibanda cha magurudumu kisicho na injini, ambacho huvutwa nyuma ya gari jingine. Kwa macho ya watu gari-nyumba ni chombo cha mapumziko, lakini kwa macho ya sheria za Ulaya, likizidi kilo 3,500 huingia katika jamaa moja na malori. Hapo ndipo linapozuka swali la kihistoria. Huko Uingereza mzee wa miaka 65 aweza kuendesha gari-nyumba la tani 7 bila kufanya mtihani wa lori hata siku moja, ilhali binti yake wa miaka 30, mwenye macho mazima na mikono mepesi, hukatazwa. Jibu halimo katika ufundi wa udereva, bali katika tarehe ambayo kila mmoja wao alifaulu mtihani wake.

Katika habari ya mitihani Ufaransa ilitangulia. Amri ya mkuu wa polisi wa Paris ya tarehe 14 Agosti 1893 ilidai dereva awe na cheti cha uwezo, na amri ya tarehe 10 Machi 1899 ikaeneza cheti hicho katika nchi nzima. Uingereza ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1896 iliyafungulia barabara magari yenye uzito chini ya tani 3 yakiwa matupu, yasihitaji tena mtu wa kutembea mbele yake kwa miguu. Yafaa kuona kwamba uzito ulikuwa mpaka wa kisheria hata kabla leseni haijazaliwa. Leseni yenyewe ililetwa na sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Ilitolewa kwa shilingi 5 bila mtihani wowote. Kwa kweli ilikuwa stakabadhi ya malipo zaidi ya kuwa ushahidi wa ujuzi.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Mwaka 1934 Uingereza ilikuwa na magari yapata milioni 2.4, na watu 7,343 walikufa barabarani katika mwaka huo mmoja. Waziri wa uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, alisimamia kuanzishwa kwa mtihani, ukawa wa lazima tarehe 1 Juni 1935. Lakini haukuwahusu wote: ni wale tu walioanza kuendesha tarehe 1 Aprili 1934 au baadaye. Waliowatangulia waliachwa kama walivyokuwa, wawe hodari au wazembe. Vita vilipozuka mwaka 1939 mitihani ilisimamishwa, ikarudishwa mwaka 1946. Kisha mwaka 1947 waliokuwa na leseni za muda za wakati wa vita walipewa mwaka mmoja wa kuzigeuza kuwa leseni kamili bila kutahiniwa. Kanuni iliyomo ni moja: sheria mpya huwabana wajao, wala haimnyang'anyi mtu haki aliyokwisha kuipata. Mtawala anayehitaji kura za madereva hana haja ya kuelezwa sababu yake.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoamua mambo ya gari-nyumba. Huko Ufaransa mpaka ni tarehe 20 Januari 1975. Mwenye leseni ya daraja la B aliyoipata kabla ya siku hiyo aweza kuendesha gari-nyumba linalozidi kilo 3,500, mradi aombe alama 79 iandikwe kwenye leseni yake. Kwa kuwa daraja hilo lilitolewa kuanzia umri wa miaka 18, aliyezaliwa baada ya Januari 1957 hayumo kabisa. Kwa Uingereza mpaka ni tarehe 1 Januari 1997, nchi hiyo ilipotekeleza agizo la Ulaya la mwaka 1991 kuhusu madaraja ya leseni. Kabla ya hapo mtihani wa gari dogo ulimpa mtu ruhusa ya kufika tani 7.5. Tangu hapo B hukomea kilo 3,500, na kutoka hapo hadi kilo 7,500 lahitajika daraja la C1, na juu yake C. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini madaraja hayo imebaki nayo.

Inapasa ieleweke kwamba uzito unaohesabiwa si ule wa gari tupu. Ni uzito wa juu kabisa ulioidhinishwa, yaani gari pamoja na watu, maji, gesi, vyakula, vyombo na baiskeli zilizofungwa nyuma. Lita 100 za maji ni kilo 100. Watu wazima wawili huongeza kiasi cha kilo 150. Ndiyo maana watengenezaji wengi hujitahidi gari lao lisivuke kilo 3,500 kwenye karatasi, nafasi ya mizigo ikawa finyu. Mpaka uliowekwa kwa ajili ya usalama basi waweza kumsukuma msafiri apakie kupita kiasi gari jepesi, mahali ambapo gari zito zaidi, lenye breki na magurudumu ya kulitosha, lingemfaa. Kasoro hii si ndogo, na wapenda mipaka iliyo wazi huizungumzia kwa nadra.

Asiye na haki ya zamani naye hana budi kuanza upya. Huko Uingereza hupimwa na daktari, huomba leseni ya mwanafunzi ya C1, hufanya mtihani wa nadharia na wa kutambua hatari, kisha mtihani wa barabarani. Gari la mtihani huo, kwa masharti ya Ulaya ya mwaka 2006, liwe na uzito ulioidhinishwa usiopungua kilo 4,000, urefu usiopungua mita 5, na sehemu ya mizigo iliyofungwa kama sanduku. Anayetaka kulala ziwani na jamaa zake hutahiniwa basi ndani ya lori. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo jipya linalofungua njia kwa mwenye B kuendesha gari-nyumba hadi kilo 4,250, baada ya mafunzo au mtihani maalumu. Ni hatua ya kwanza kubwa inayoangalia alichojifunza dereva badala ya siku aliyojifunza.

Wale wa zamani nao hawana haki isiyo na mwisho. Huko Uingereza, dereva akifika miaka 70 huweza kuendelea na B kwa kutia sahihi tamko lake mwenyewe kuhusu afya. Lakini C1 humtoka asipoleta ripoti ya daktari. Kijana wa miaka 17 aliyefaulu mtihani wake mwezi wa Desemba 1996 atafika umri huo mwaka 2049.