Ndugu Jamal na Hazina ya Umma
Madarasani tumezoea kufundisha kana kwamba Azimio la Arusha lilijitekeleza lenyewe. Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, mzigo wa hesabu ulimwangukia Waziri wa Fedha, Ndugu Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza aliyesomea uchumi Calcutta. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa vimekausha Hazina, Shirika la Fedha la Kimataifa lilidai tushushe thamani ya shilingi. Waziri Edwin Mtei alitaka makubaliano, Mwalimu alikataa. Mtei akajiuzulu, Jamal akarudishwa Hazina. Wakufunzi wenzetu hupenda kumtukuza mmoja na kumbeza mwingine. Hatukubaliani nao: wote wawili walihesabu fedha zile zile, na hazikutosha. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa.