Baruti, Kodaiti na Mabega ya Wapagazi: Uchaguzi wa Risasi katika Misafara ya Uwindaji Afrika Mashariki

Vitabu vilivyoandikwa na wawindaji wa Kizungu waliopita Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1880 na Vita vya Kwanza vya Dunia vimejaa mabishano kuhusu risasi: ipi nzito, ipi nyepesi, ipi humwangusha tembo papo hapo na ipi humjeruhi tu na kumwacha akiwa hatari zaidi. Jambo ambalo vitabu hivyo hulipitia harakaharaka ni kwamba kila uamuzi wa aina hiyo, ulioanzia katika duka la fundi bunduki wa London au Birmingham, uliishia begani mwa mpagazi wa Kinyamwezi, wa Kikamba au wa pwani. Historia ya risasi za uwindaji katika eneo hili haiwezi kutenganishwa na historia ya mzigo, na mambo hayo mawili yanapotazamwa pamoja huonekana jambo lisilotarajiwa, kwamba kadiri risasi zilivyozidi kuwa nyepesi ndivyo misafara ilivyozidi kuwa mizito.

Kabla ya miaka ya 1890 bunduki za uwindaji zilitegemea baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Baruti hiyo huungua polepole ikilinganishwa na zile zilizoifuata, hivyo risasi yake haiendi kwa kasi kubwa, na njia pekee ya kuipa nguvu ya kupenya fuvu la tembo au ngozi ya faru ilikuwa kuiongezea uzito. Ndiyo sababu bunduki za tembo za wakati huo zilipimwa kwa geji, kipimo kinachohesabu goroli ngapi za madini ya risasi, zenye kipenyo cha mtutu, hupatikana katika ratili moja ya madini hayo. Bunduki ya geji 4 ilirusha goroli yenye uzito wa robo ratili, yaani zaidi ya gramu 100, na ile ya geji 8 ilirusha nusu ya uzito huo. Kwa kuwa risasi tupu ni laini na hubondeka inapogonga mfupa, mafundi waliichanganya na bati au antimoni ili iwe ngumu, na mwindaji aliyekuwa mbali na maduka aliyayeyusha madini na kujisubia goroli zake mwenyewe kambini, kwa kalibu aliyoibeba pamoja na sufuria zake.

Frederick Courteney Selous, aliyeanza kuwinda kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1870, alitumia bunduki za geji 4 za kushindiliwa kwa mdomo, zilizotengenezwa kwa bei nafuu huko Birmingham, na baruti yake ilikuwa ile ya kawaida ya biashara, ambayo aliichota kwa konzi kutoka katika mfuko wa ngozi aliouvaa, bila kupima. Upakiaji wa namna hiyo ulikuwa na hatari zake. Wakati mmoja fataki, kile kikofia cha shaba kinachowasha baruti, ilishindwa kuwaka. Mbeba bunduki, akidhani risasi ya kwanza imekwisha kutoka, akashindilia baruti na goroli ya pili juu ya ile ya kwanza. Na Selous alipofyatua tena, bunduki ilimrusha juu, ikavunjika kitako na kumwachia jeraha usoni. Yeye mwenyewe aliungama baadaye kwamba mateke ya bunduki hizo yalimharibia mishipa ya fahamu na utulivu wa shabaha kwa maisha yake yote. Ni kweli pia, ingawa wasomaji wa Ulaya hawakulitilia maanani, kwamba kijana aliyeshindilia bunduki hizo katikati ya moshi na vumbi alikuwa ndiye mwenye kuamua, kwa kiganja chake, nguvu ya kila mzinga.

Wawindaji Waafrika walikuwa na hesabu zao za zamani zaidi. Waata wa nyika iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, ambao majirani zao huwaita Waliangulu, walimwinda tembo kwa pinde ndefu ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi, na mishale iliyopakwa sumu ya mti ambayo kwa sehemu waliinunua kwa Wagiriama. Uzito wote wa silaha hiyo ulibebwa na mtu mmoja bila taabu. Kusini, Wamakua walijulikana kote kuwa wawindaji hodari wa tembo kwa magobori. Bunduki hizo ziliingia kwa wingi mno: kufikia mwaka 1888 ilikadiriwa kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 ziliingia eneo hili kwa mwaka, nyingi kupitia Zanzibar. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini mwezi Julai mwaka 1890 ndio uliobadilisha hali hiyo, kwani uliweka mipaka ya uingizaji wa silaha kati ya latitudo ya nyuzi 20 Kaskazini na nyuzi 22 Kusini, ukaruhusu magumegume, yaani bunduki za kuwashwa kwa jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, na kuzizuia bunduki za kisasa isipokuwa kwa kibali. Mkataba huo ulitolewa kwa jina la kupambana na biashara ya utumwa, lakini moja ya matokeo yake lilikuwa kwamba miaka ileile ambamo silaha za uwindaji zilikuwa zikibadilika kuliko wakati wowote uliotangulia, mabadiliko hayo yalifunguliwa kwa Mzungu mwenye leseni na kufungwa kwa Mmakua, ambaye maarifa yake ya tembo hayakuwa na mfano.

Mabadiliko yenyewe yalitokana na kodaiti. Baada ya Wafaransa kugundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884, Waingereza walitengeneza yao mwaka 1889 kwa kuchanganya nitrogliserini, pamba iliyotiwa asidi na vaselini, wakaifinyanga kwa umbo la nyuzi nyembamba. Mwaka 1898 fundi John Rigby wa London alitoa risasi ya kaliba .450, yaani yenye kipenyo kinachokaribia sehemu 45 kati ya 100 za inchi, ambayo uzito wake ulikuwa gramu 31 tu na ambayo kodaiti isiyofika gramu 5 iliirusha kwa kasi ya mita 650 kwa sekunde. Risasi hiyo, ikiwa imevikwa gamba gumu la nikeli na shaba, ilipenya ndani zaidi ya goroli ya geji 8, na bunduki yake ya mitutu miwili ilikuwa na uzito wa takriban kilo 5 badala ya 7 au 8. Moshi nao ulitoweka, kwa hiyo mwindaji hakulazimika tena kukimbilia pembeni baada ya kufyatua ili aone mnyama ameanguka au anamjia.

Hata hivyo kodaiti haikupenda joto. Jua la nyika lilipoipasha, shinikizo ndani ya mtutu liliongezeka, ganda la shaba likatanuka na kung'ang'ania chemba, na mwindaji akabaki na bunduki isiyofunguka mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Viwanda vya Uingereza vilijibu kwa kutengeneza risasi maalumu za nchi za joto, zenye kodaiti iliyopunguzwa kidogo, na kuzifungasha katika makopo ya bati yaliyolehemiwa ili unyevu usiingie. Yalipofika kambini makopo hayo hayakufunguliwa mpaka siku ya kutumika, na kwa kawaida mbeba bunduki ndiye aliyepewa kazi ya kutenganisha risasi ngumu za tembo, faru na nyati na zile zenye ncha laini, ambazo hufunguka zinapogonga nyama na ambazo zilifaa kwa simba na swala. Kumpa bwana risasi laini mbele ya tembo lilikuwa kosa lililoweza kuwagharimu wote wawili maisha.

Arthur Neumann, aliyewinda kuanzia Mlima Kenya hadi Ziwa Rudolf, ambalo leo huitwa Turkana, kati ya mwaka 1893 na 1896, alisimama katikati ya nyakati hizo mbili. Masanduku yake yalikuwa na bunduki nzito za mtindo wa zamani, na pamoja nazo Lee-Metford ya kaliba .303, bunduki ya kijeshi yenye kasha la risasi na komeo la kuvuta. Mwaka 1896 tembo jike alimshambulia naye akafyatua, lakini komeo lilikuwa limefungwa bila kuchukua risasi kutoka katika kasha, na mlio pekee uliosikika ulikuwa wa chuma kugonga chemba tupu. Tembo alimwangusha, akamtoboa mkono na kumkandamiza kifua. Wafuasi wake walimbeba hadi kambini, na alilala wiki nyingi kabla ya kuweza kusafiri. Ni vigumu kuilaumu risasi kwa ajali hiyo. Bunduki mpya ilidai mazoea mapya ya mikono.

Mtu kama Neumann alipopanga msafara Mombasa, hesabu haikuanza na risasi, ilianza na posho. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, kiwango cha juu kikilingana na frasila mbili za kipimo cha pwani, mbali na mkeka, chungu na bunduki yake mwenyewe ikiwa anayo. Posho ilikuwa ratili moja na nusu ya nafaka au unga kwa siku, kwa hiyo mzigo mmoja wa ratili 60 uliwalisha watu 40 kwa siku moja, na msafara wa watu 200 ulikula mizigo mitano kila jua linapokuchwa. Kuvuka nchi isiyo na mashamba kwa siku kumi kulihitaji mizigo 50 ya chakula pekee, nao waliobeba chakula hicho walikula pia. Baada ya posho zilifuata bidhaa za kubadilishana njiani, yaani marobota ya vitambaa vya amerikani na kaniki, shanga na waya wa shaba, na hizo zilipopungua kadiri safari ilivyoendelea, mabega yaliyoachwa wazi yalitwikwa pembe. Pembe iliyozidi mzigo wa mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili kwa mzegamzega, na kila mnyapara alijua kwamba hakuna mzigo unaochosha kama huo.

Nyama ilikuwa njia ya kupunguza hesabu ya posho, na kwa sababu hiyo bunduki nyepesi ya swala ilihesabiwa kuwa sehemu ya jiko la msafara. Hapo pia risasi ilikutana na desturi. Wapagazi Waislamu hawakula mnyama aliyekufa kabla ya kuchinjwa, na mwindaji aliyejivunia shabaha ya kuua papo hapo aliweza kujikuta analaumiwa na watu wake kwa kuharibu kitoweo, wakati yule aliyemwangusha mnyama angali hai, mtu akawahi mbio na kisu, alisifiwa jioni ile.

Mwindaji aliyeichukua hoja ya uzito hadi mwisho wake ni Walter Bell, Mskoti aliyepata umaarufu kwa jina la Karamojo, kutokana na Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki ya Uganda alikowinda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 akianzia soko la pembe la Mumias. Bell alipasua kwa msumeno fuvu la tembo kwa urefu wake ili aone ubongo ulipolala, akajifunza kuufikia kutoka kila upande, kisha akaachana na bunduki nzito na kutumia Mauser ya milimita 7, yenye risasi ngumu, ndefu na nyembamba isiyozidi gramu 12. Zaidi ya tembo 1,000 waliouawa naye waliangushwa kwa sehemu kubwa na risasi hiyo ndogo, na idadi hiyo, ambayo wapenzi wa bunduki huitaja kwa fahari, ni vema isomwe pia kama kipimo cha jinsi makundi ya tembo yalivyofyekwa. Risasi 100 za Mauser zilikuwa na uzito wa takriban kilo 2.5, ilhali idadi ileile ya kaliba .600, iliyokuwa kubwa kuliko zote madukani, ilikaribia mara nne ya hizo.

Akiba hiyo ya uzito haikumpunguzia mpagazi chochote. Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, wageni waliokuja kwa starehe walijaza nafasi iliyoachwa na goroli na mapipa ya baruti kwa mabafu ya turubai, meza, viti na masanduku ya vyakula vya makopo. Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwezi Aprili mwaka 1909 mara tu baada ya kuondoka katika urais wa Marekani, alikuja na bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili kwa ajili ya tembo, Winchester ya kaliba .405 aliyoiona kuwa dawa ya simba, na Springfield ya jeshi la nchi yake. Bunduki zote hizo pamoja hazikuwa mzigo mkubwa. Kilichokuwa kizito ni chumvi ya kuhifadhia ngozi kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, tani nne, ambayo kama ingebebwa yote kwa mkupuo mmoja ingedai wapagazi karibu 150. Hata vitabu vyake vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe viliwekewa kasha lililopimwa lisizidi mzigo wa mtu mmoja. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Nyuma ya Kermit walitembea Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura, Msoga, na katika kurasa za Roosevelt wabeba bunduki hao wanapata majina na tabia zao, heshima ambayo waandishi wengi wa aina hiyo hawakuitoa.

Magari yalipoingia katika uwindaji miaka ya 1920, hoja ya uzito ilikufa. Lori moja lilichukua kazi ya makumi ya watu, na hapakuwa tena na sababu ya kumzuia mteja asiye na shabaha ya Bell kubeba kaliba .470 au .500 na masanduku ya risasi zake. Sheria nazo zilielekea upande wa risasi nzito, kwa kuwa wengi wa wale wenye bunduki ndogo walijeruhi zaidi kuliko kuua. Holland & Holland walikuwa wametoa kaliba .375 mwaka 1912, na hiyo ndiyo Tanzania inayoiweka kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba, kwa hiyo bunduki iliyoua tembo wengi kuliko karibu nyingine yoyote katika kumbukumbu za Karamoja isingeruhusiwa leo kumlenga nyati wa Rufiji.