Historia ya Joto la Usiku katika Chumba cha Vifaranga

Halmashauri ilipoazimia kutoa kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, sisi wa ofisi ya Katibu tulipewa kazi ya kuandika sehemu ya historia. Wengi walitazamia tungeandika habari za pamba. Na ni kweli, ushirika wa Mwanza ulizaliwa katika pamba: Victoria Federation ilianzishwa mwaka 1955 wakati wa uongozi wa Paul Bomani, mwaka 1968 ikaja Nyanza, na mwaka 1976 vyama vikuu vya nchi nzima vikavunjwa, mpaka viliporudishwa katika miaka ya 1980. Lakini habari hizo zimeandikwa mara nyingi, tena na watu waliozijua kuliko sisi. Chama chetu cha hapa Mkuyuni hakikukaribia kufa kwa sababu ya pamba. Kilikaribia kufa kwa sababu ya baridi ya usiku mmoja wa mwezi wa Julai, ndani ya chumba kidogo cha vifaranga. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze historia ya joto.

Mgeni akisikia kwamba Mwanza kuna baridi, atacheka. Lakini mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, na katika miezi ya Juni na Julai mbingu huwa wazi usiku, hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipande. Hapo alfajiri huwa na digrii 16 hivi. Mtu mzima huvuta blanketi akalala. Kifaranga wa siku moja hana blanketi. Manyoya yake ni malaika tu, na mwili wake haujaweza bado kujitunzia joto. Juma la kwanza ataka digrii 32 hadi 35 pale anapokanyaga, kisha hupunguziwa digrii 3 hivi kila juma hata manyoya ya kweli yatoke. Kwa hiyo ile tofauti ya baina ya 16 na 33 ndiyo mzigo wote wa mfugaji, naye huubeba usiku, wakati hakuna jua la kumsaidia wala mtu wa kumwamsha.

Wazee wetu wa Usukuma hawakuubeba mzigo huo, kwa kuwa walimwachia mwenyewe. Mwili wa kuku mama una digrii kama 41, na vifaranga 10 au 12 waliokaa chini ya mbawa zake hawahitaji kuni wala mafuta. Jioni mwenye nyumba aliwafunika kwa tenga, akaliweka tenga ndani karibu na mafiga yenye majivu ya moto, mlango ukafungwa. Yaliyowaua vifaranga wa siku zile yalikuwa mwewe, kicheche na kideri. Baridi haikuhesabiwa sana. Twaomba msomaji aliangalie lile tenga kwa makini, maana tutalirudia.

Taabu ilianza pale watu walipotaka vifaranga wengi kuliko kuku mama. Wamisri ndio waliotangulia. Aristotle, aliyeandika karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kwamba huko Misri mayai yalianguliwa kwa kufukiwa katika samadi. Baadaye walijenga majumba ya matofali ya udongo, yenye vyumba vidogo vya chini vya mayai na vya juu vya moto, wakachoma humo samadi iliyokaushwa pamoja na makapi. Hawakuwa na kipimajoto. Mtunzaji aliliweka yai juu ya kope la jicho lake akajua kama limezidi au limepungua, na kazi hiyo ilirithiwa baba kwa mwana. Watu wa kijiji cha Berma, katika nchi ya mdomo wa mto Nile, walisifiwa sana kwa ufundi huo. Sisi twanywa maji ya ziwa lililo mwanzo wa mto ule ule, lakini ufundi haukupanda na maji!

Mfaransa Réaumur, ambaye jina lake lilipewa kipimo cha joto, aliandika kitabu mwaka 1749 akitaka kuwafundisha watu wa kwao mambo hayo ya Misri. Naye alijaribu samadi: alichukua mapipa akayafukia katika samadi mbichi ya farasi, ambayo inapooza hutoa joto kwa siku nyingi bila moto. Akaona neno ambalo kila aliyejaribu ameliona, kwamba mvuke wa samadi huua kama baridi usipopata njia ya kutokea. Waliofaidika zaidi na samadi ya namna hiyo ni wakulima wa mboga wa Paris, ambao katika karne ya 19 waliitandaza chini ya udongo wa vitalu vyao, wakafunika miche kwa vioo na usiku wakavilaza vioo chini ya mikeka ya majani, wakauza saladi wakati nje kuna theluji. Mmea na kifaranga ni mamoja katika jambo hili. Hata jirani zetu wa Naivasha, Kenya, shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kupasha joto nyumba zake za mawaridi usiku kwa mvuke utokao chini ya ardhi. Wao walibahatika kupata moto chini ya miguu yao. Mkuyuni chini ya miguu yetu pana mawe tu.

Katika Marekani, mwaka 1879, pale Petaluma katika California, Lyman Byce na mwenzake Isaac Dias walitengeneza sanduku la kuangulia mayai lenye kupashwa kwa taa, na tangu hapo taa ya mafuta, kisha jiko la makaa ya mawe, kisha umeme, vikashika mahali pa kuku mama. Karibu watu wote walifuata njia hiyo. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea mtu mmoja wa Elmira, New York, aitwaye Philo, akasema moto hauhitajiwi kabisa: weka vifaranga katika kisanduku kidogo, teremsha kitambaa kizito mpaka karibu kigusane na migongo yao, nao watapashana joto wenyewe. Wengi walimfanyia mzaha. Alitia chumvi nyingi katika habari za faida, hilo ni kweli, lakini katika habari za joto hakusema uongo.

Sasa turudi kwetu. Katika mwaka wa pili wa Chama, kimoja cha vyama vyetu vya msingi kilikopeshwa fedha kikanunua vifaranga 200. Chumba kilikuwa kizuri, kirefu, cha matofali ya saruji, na bati juu bila dari. Tulifuata desturi ya mjini: majiko mawili ya mkaa, kila moja limefunikwa kwa chungu kilichotobolewa, ili chungu kishike joto na kulitoa polepole. Chungu ni kitu chema, wala hatukilaumu. Lakini joto hupanda. Lilipanda hata kwenye bati, na bati usiku wa mbingu wazi hupoa kuliko hewa yenyewe. Hivyo tulikuwa tukiipasha joto anga ya Mwanza, na vifaranga wakipata masalio. Saa 9 usiku mkaa ulikwisha. Kulipopambazuka tuliwakuta wamelundikana katika pembe moja ya chumba, wa juu wakiwa hai na wa chini wamekufa kwa kukosa pumzi. Zaidi ya nusu walipotea.

Tukafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kijana wa mwanachama mmoja aliwekwa alale humo ndani ili auchochee moto, na madirisha yakazibwa kwa magunia. Usiku wa tatu mama yake alisikia vifaranga wakilia akaenda kutazama, akamkuta hawezi kusimama, kichwa kinamuuma na kutapika anatapika. Mkaa unaowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini. Yule kijana aliokoka kwa sababu mama ana usingizi mwepesi. Tangu siku ile imeandikwa katika kanuni zetu kwamba mtu yeyote asilale katika chumba cha vifaranga chenye moto, na kanuni hii hatutairegeza kwa ajili ya mtu awaye yote.

Mkutano Mkuu uliofuata ulikuwa mkali. Wengi walitaka taa za umeme, nao hawakukosea, kwa maana taa haina moshi. Hesabu yake ni nyepesi: taa moja ya wati 250, yenye kufaa vifaranga 100 hivi, ikiwaka kuanzia saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi hula uniti 3, kwa usiku 21 ni uniti 63. Mwenye vifaranga 50 wa kienyeji hawezi kuitia Luku uniti hizo akabaki na faida. Tena wazee walikumbusha mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011. Tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limeanza kutoa umeme, na mambo yamekuwa mepesi zaidi. Lakini waya ukianguka kwa mvua hapa mtaani, bwawa liko mbali.

Katika mkutano ule mama mmoja mzee aliuliza ni nani aliyemwona kuku amejenga chumba cha futi 20 ili alalie watoto wake. Watu walicheka, mkutano ukaendelea na mambo mengine. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba wataalamu wa chuo cha kilimo cha Jimma, Ethiopia, walikuwa wakiwafundisha wakulima sanduku la nyasi lisilo na moto, na tukaona kwamba ni neno lile lile la yule mama.

Sanduku letu hutengenezwa hivi. Ni la mbao au la boksi gumu, na ndani yake huwekwa duara la mkeka, lisilo na pembe za kulundikania, upana wake kama sentimita 60 kwa vifaranga 50. Baina ya mkeka na mbao hushindiliwa nyasi kavu au pumba za mpunga, ambazo wenye mashine za kukoboa hufurahi tukiziondoa. Chini hutandazwa maranda makavu, yenye kina cha kiganja. Juu hulazwa wavu, na juu ya wavu gunia la katani lililojazwa nyasi kwa wepesi, chini kabisa, karibu na vichwa vyao, huku nafasi ya vidole viwili ikiachwa upande usio na upepo ili hewa ipite. Mchana hutoka kula na kunywa, jioni hurudishwa. Katika juma la kwanza, usiku wa baridi sana, huwekwa kati yao dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa kitambaa. Basi. Aliye na chumba kirefu hahitaji kukibomoa. Na ateremshe dari ya magunia mpaka usawa wa kiuno.

Kipimajoto ni kitu kizuri, lakini vifaranga wenyewe husema. Wakisongamana na kulia, wana baridi. Wakijitenga huku wamefungua midomo, joto limezidi. Wakikimbilia upande mmoja, pana ufa unaoingiza upepo. Wakilala wametawanyika kama mbegu zilizomwagwa vizuri, nenda kalale.

Hatudai kwamba sanduku hili lafaa wote. Wenye kuku wa nyama 500 hawawezi kuwatoa na kuwarudisha kila siku, nao waendelee na taa au gesi, ila dari waiteremshe. Wengine wamelilaumu kwamba maranda yakilowa hutoa harufu kali ya kuunguza macho, na ni kweli. Hubadilishwa kila siku mbili, na mvivu asilitumie. Mwaka uliopita mwanachama mmoja aliongeza vifaranga wakawa 80 katika sanduku la 50, akawapoteza kwa joto, si kwa baridi.

Deni la wale vifaranga 200 lilimalizika kulipwa katika mwaka wa 7 wa Chama, kwa fedha za kuku waliokulia katika masanduku 6. Sanduku la kwanza, lenye alama za panya upande mmoja, bado lipo ofisini, na Mtunza Hazina huwekea risiti zake humo.