Livingstone, mji uliohama ukingo wa Zambezi

SEHEMU YA 1: Kwa nini nawapeleka huku

Tunaendelea na miji ya zamani ambayo familia inaweza kwenda kuitembelea. Leo tunatoka pwani, tunaingia Zambia, mpaka kule kusini inakopakana na Zimbabwe. Mji unaitwa Livingstone.

Wengi wanaujua kwa maporomoko ya maji tu. Mtu anafika, analowa, anapiga picha na upinde wa mvua, anaondoka. Si vibaya. Maporomoko yana upana wa mita zaidi ya 1,700 na kimo cha mita 108, nani asitake kuyaona! Lakini angalia ramani kidogo. Mto uko kule, mji uko huku, kilomita kama 10 kutoka maporomoko, juu kwenye mwinuko wa mchanga. Mji wa mtoni mbona haukai mtoni?

Jibu ni malaria, na ndiyo sababu nesi anawaandikia historia. Walioanza kuujenga walikaa ukingoni kabisa. Homa ikawaondoa. Nitawapitisha kwenye maeneo matano. Twende polepole, na mwenye mtoto anyonyeshe huku anasoma.

SEHEMU YA 2: Makaburi ya Old Drift

Eneo la kwanza liko ndani ya hifadhi ya taifa ya Mosi-oa-Tunya, pembeni ya mto, juu ya maporomoko. Linaitwa Old Drift, yaani kivuko cha zamani. Kwa kuwa ni hifadhini, unaingia kwa gari na unalipa kiingilio. Usimwachie mtoto akimbie mbele, maana tembo hawana habari na ratiba yako.

Utakachokiona ni kidogo. Hakuna jengo la maana. Kuna makaburi machache na bango. Watalii wengi wanapita moja kwa moja kwenda kutafuta faru. Mimi nasema simameni hapa.

Hapa ndipo watu walipokuwa wanavuka Zambezi kwa mitumbwi, kabla ya daraja. Kwenye mwaka 1898 mfanyabiashara wa Kizungu, F. J. Clarke, akaweka makazi, na wengine wakamfuata. Kivuko ni biashara, si mnajua: kila anayevuka anahitaji chakula, mahali pa kulala, mtu wa kumbebea mzigo. Wakajenga vibanda vyao karibu na maji ili wasikose mteja. Mvua ikija, ukingo unajaa madimbwi. Wakaanza kufa.

Waliua na malaria ya kawaida, na wengine wakauawa na homa ya mkojo mweusi. Nieleze hapo kidogo. Hiyo ni hali ambayo chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi ndani ya mishipa. Rangi ya damu inatokea kwenye mkojo, mkojo unakuwa kama Coca-Cola, mtu anaishiwa damu, figo zinashindwa kazi. Iliwapata sana wageni wenye malaria waliokuwa wanakunywa kwinini leo, kesho wanaacha, keshokutwa wanarudia.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 20 Agosti 1897, kule India, daktari wa jeshi la Uingereza anaitwa Ronald Ross alikuta vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo watu waliamini homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa, na hata neno malaria kwa Kiitaliano ndiyo maana yake, hewa mbaya. Kwa hiyo Clarke anaweka makazi Old Drift, jibu la kitakachowaua majirani zake lilikuwa limeshapatikana. Lilikuwa halijageuka kuwa chandarua juu ya kitanda cha mtu. Kati ya kujua na kufanya ndipo watu walipozikwa.

Na wenyeji je? Waleya na Watonga walikuwa wanaishi na mto huu muda mrefu. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anakuwa na kinga kiasi, haumwi vibaya kama mgeni. Lakini kinga hiyo hailetwi na damu ya kabila, inajengwa kwa kuugua tangu utotoni, na wanaoilipia ni watoto chini ya miaka mitano. Makaburi ya wageni yana majina. Watoto wa kando ya mto huu waliokufa kwa homa ileile hawakuwekewa bango.

SEHEMU YA 3: Daraja

Mwaka 1905 mambo mawili yalifanyika. Mji ulihamishiwa juu kwenye mwinuko, mbali na madimbwi, na daraja la Victoria Falls likafunguliwa tarehe 12 Septemba. Kivuko kikakosa kazi.

Daraja ni la chuma, urefu wake karibu mita 198, na liko mita 128 juu ya maji. Vipande vyake vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaletwa kwa meli mpaka Beira, kisha kwa treni. Aliyelifungua ni Profesa George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin. Cecil Rhodes ndiye aliyetaka treni ipite karibu na maporomoko kiasi cha kurushiwa maji, lakini alikufa 1902, hakuliona.

Mpaka upo katikati ya daraja. Ukitaka kulitembea bila kuvuka kwenda Zimbabwe, waulize maofisa wa uhamiaji upande wa Zambia, kuna utaratibu wa kukuruhusu uende darajani na kurudi. Shika mkono wa mtoto, malori yanapita.

Ukisimama katikati, waambie watoto habari ya mwaka 1975. Mwezi wa Agosti behewa la treni liliegeshwa hapo juu, katikati ya mpaka. Ian Smith na ujumbe wake wa Rhodesia wakakaa upande mmoja wa meza, viongozi wa wapigania uhuru wa Zimbabwe, wakiongozwa na Askofu Abel Muzorewa, upande wa pili, kila mtu upande wake wa mpaka. Rais Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini walikuwa wasuluhishi. Mazungumzo yalivunjika bila mapatano. Zimbabwe ikapata uhuru 1980 baada ya vita zaidi.

Hili daraja linatuhusu hata sisi wa Dar. Shaba ya Zambia ilikuwa inatoka kwa treni kupitia kusini. Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ikajikuta njia yake ya bahari iko mikononi mwa adui. Ndiyo maana Tanzania na Zambia, kwa mkopo wa China, walijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Ukipita Mlimba au Makambako ukaona ile reli, kumbuka kuna daraja kule Zambezi lililotufanya tuijenge.

SEHEMU YA 4: Mji wenyewe na makumbusho mawili

Livingstone ulikuwa makao makuu ya Northern Rhodesia kuanzia 1911 mpaka 1935, serikali ilipohamia Lusaka. Ukitembea barabara kuu, Mosi-oa-Tunya Road, utaona majengo ya wakati huo, yenye mabaraza mapana. Wazungu walijigawia sehemu yao, Waafrika wakapewa yao. Maramba, mtaa wa zamani wa Waafrika, una jina la mto mdogo wa hapo. Serikali nyingi za kikoloni ziliutetea mgawanyo huu kwa jina la afya: walisema Mzungu akae mbali na Mwafrika ili mbu wasimletee malaria. Yaani elimu ya Ross ilipofika, badala ya kufukia madimbwi ya wote, ikatumika kugawa mitaa. Wakubwa wenu wa shule wasomeeni hapo.

Makumbusho ya reli yako kwenye karakana ya zamani ya Zambezi Sawmills, kampuni ya mbao. Injini za mvuke zimepangwa, watoto watafurahi kuliko mahali pengine popote. Kampuni hiyo ilikuwa na reli yake ya kwenda Mulobezi kuleta mbao ngumu za mukusi, ambazo zilifanywa mataruma ya reli. Humo humo kuna sehemu ya historia ya Wayahudi walioishi Zambia.

Makumbusho ya Livingstone, yaliyoanzishwa 1934, ni ya zamani kuliko yote Zambia. Kuna nakala ya fuvu la mtu wa kale lililochimbwa Kabwe mwaka 1921. Fuvu lenyewe liko London, na Zambia inalidai. Halafu kuna chumba cha David Livingstone, barua zake na vitu vyake. Aliyaona maporomoko Novemba 1855, akayapa jina la malkia wake, wakati wenyeji walishayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Alikufa 1873 kwa Chitambo, kaskazini mwa Zambia hii hii, na kina Susi na Chuma wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Mimi nawaomba mkiwa humo mkumbuke mke wake. Mary Moffat alizaliwa Afrika Kusini 1821. Mwaka 1850 alivuka nchi kame ya Kalahari kwa gari la ng'ombe, mjamzito, na watoto wadogo watatu, na watoto wakapata homa safarini. Waliporudi akajifungua Elizabeth, akafa baada ya wiki chache. Mwaka uliofuata akasafirishwa tena akiwa na mimba, akajifungulia njiani. Alizaa watoto sita. Tarehe 27 Aprili 1862 akafa kwa malaria Shupanga, Msumbiji, kwenye ukingo wa mto huu huu wa Zambezi, akiwa na miaka 41. Mumewe alikuwa na vidonge vya kwinini alivyovichanganya mwenyewe, vikajulikana sana. Havikumwokoa.

SEHEMU YA 5: Kijiji cha Mukuni

Cha mwisho ni kijiji cha Chifu Mukuni wa Waleya, si mbali na maporomoko. Hiki ni kijiji cha watu wanaoishi, kwa hiyo salimia kwanza, piga picha baadaye, na umuulize mama kabla hujampiga picha mtoto wake.

Chifu hatawali peke yake. Kuna mama mkuu anaitwa Bedyango. Yeye ndiye anayepokea wageni na kupelekewa taarifa za vizazi na vifo, na mambo ya dini na ardhi ya kijiji yamo mikononi mwake. Nililipenda sana hili. Muda mrefu kabla ya fomu za mkoloni, kulikuwa na mwanamke hapa ambaye mtoto akizaliwa lazima ajue, na mtoto akifa lazima ajue.

SEHEMU YA 6: Kabla hujafunga begi

Sasa naongea kama nesi. Mbu wa Old Drift hawakuhama na mji, bado wapo.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Agosti. Mvua imekwisha, mbu wamepungua, maji ya maporomoko bado ni mengi. Usiku kuna baridi, beba sweta za watoto. Oktoba na Novemba upande wa Zambia maji yanapungua sana.

Mjamzito: mimba inashusha ile kinga uliyojengewa na miaka ya kuugua, hasa mimba ya kwanza. Vimelea vinajificha kwenye kondo la nyuma, wewe unajiona mzima, mtoto tumboni anakosa damu na lishe. Kwa hiyo SP zako za kliniki usiziruke kwa sababu ya safari. Zinaanza miezi mitatu ya kwanza ikishapita, na zisipungue mara tatu, isipokuwa umeambiwa kliniki kwamba wewe hutakiwi kuzitumia. Nenda na kadi yako.

Familia inayotoka mahali penye malaria kidogo, kama Unguja, au mliokulia Ulaya na Uarabuni: nyie ni wageni kama wale wa Old Drift. Muoneni daktari mapema kuhusu dawa za kinga.

Wote: chandarua chenye dawa hata kama chumba ni kizuri, nguo za mikono mirefu jioni, dawa ya kupaka.

Mkisharudi, mtoto akichemka ndani ya wiki au hata miezi, usimpe panadol ukasubiri. Nenda akapimwe siku hiyo hiyo, na sema mmetoka wapi. Akikutwa na malaria amalize dozi ya dawa mseto, hata kama siku ya pili anacheza. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akilala usingizi usioamshika au mkojo ukiwa mweusi, kimbia hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Wale wa 1898 hawakuwa na kipimo cha dakika 15 wala chandarua cha bure cha kliniki. Sisi tunavyo, na kwenye nyumba nyingine hicho chandarua kinafuga kuku. Leo usiku kabla hujalala, pita kwenye kitanda cha watoto, angalia kama kimetobolewa, na ukichomekee vizuri chini ya godoro.