Dhahabu ipo, kitabu kiko wapi?

Wachimbaji wadogo wa Mbangala, mkoani Songwe, ni warithi wa mbio za dhahabu ya Lupa zilizopamba moto miaka ya 1920 na 1930. Karibu karne nzima dhahabu imetoka, na wengi walioitoa wamebaki na sururu. Fedha ya ghafla inamtaka mtu aliyekomaa. Wazee hufunza ukomavu, lakini vitabu navyo hufunza.

Tunavyo? Shaaban Robert, karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, akatunga na tenzi za wasia, mmoja kwa binti yake, mwingine kwa mwanawe. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wengi wakajua kusoma. Kwa maoni yangu, baada ya hapo tuliwapa kidogo mno cha kusoma kuhusu biashara.

Marehemu Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu, alitoa kitabu cha safari yake mwaka 2018. Kitabu kizuri, ila kwa Kiingereza!

Mwenye duara Mbangala anataka kujua atenge kiasi gani cha karasha, cha vibarua, cha ada za watoto, na kipi asikiguse hata mwamba ukigoma miezi mitatu. Hayo yanaenea katika kurasa ishirini za Kiswahili chepesi. Wachapishaji wa Dar es Salaam, mnanisikia?